Aketiye Kando ya Chombo

Katika mijadala ya walimu, wazazi na wakuu wa elimu mintarafu ya kompyuta, simu na mtandao wa intaneti, swali ambalo aghalabu huulizwa ni kama vyombo hivi vinaijenga elimu au vinaibomoa. Na maadamu swali limewekwa hivyo, wasemaji hugawanyika makundi mawili kabla hata hoja ya kwanza haijatolewa, hawa wakikisifu chombo kana kwamba kimezaliwa na nia njema, na wale wakikilaani kana kwamba kimezaliwa na nia mbaya. Mimi, niliyefundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga tangu siku za ubao mweusi hata siku hizi za kishikwambi, naona kwamba kasoro imo katika swali lenyewe. Chombo hakina nia. Linalofaa kuulizwa ni nani aliyeketi kando yake, ametayarishwa kwa kiasi gani, na anawajibika kwa nani kwa yale ambayo mtoto atayasikia na kuyaamini.

Ahadi ya kwamba chombo kipya kitaimaliza kazi ya mwalimu si changa. Mwaka 1913 Thomas Edison, ambaye alikuwa na biashara ya sinema na kwa hiyo hakuwa shahidi asiye na maslahi, alitabiri kwamba muda si mrefu vitabu vingeondoka madarasani na picha zinazocheza zingefundisha kila tawi la maarifa. Baada ya sinema ikaja redio, na baada ya redio televisheni, ambayo Zanzibar iliipata pamoja na rangi zake mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilhali sisi wa Bara tulikaa tukiingoja hata miaka ya 1990. Na kila kilipowasili kimoja walitokea waliosema kwamba hiki sasa ndicho. Vitabu havikuondoka, na mwalimu bado anasahihisha madaftari usiku. Lakini itakuwa ni kukosa insafu kuwacheka watabiri hao na kuishia hapo, kwa sababu vyombo hivyo vilifanya kazi kubwa mahali fulani fulani, na ni katika kuchungua palipofaulu na palipoharibika ndipo tutakapopata jambo la kusema.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa nyumbani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 kusikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine yanayozuilika. Wanaoikumbuka leo huikumbuka redio. Walakini redio ilikuwa sehemu ndogo ya mpango. Kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa, vijitabu vilikuwa vimepigwa chapa kwa Kiswahili ambacho mtu aliyejua kusoma juzi aliweza kukifuata, na wananchi walikuwa wamekwisha kupangwa katika vikundi vidogo ambavyo vilikutana shuleni, chini ya mti au barazani kwa mtu, wakasikiliza, wakasomeana, wakabishana, kisha wakaamua pamoja la kutenda kijijini mwao. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Na nyuma ya kampeni hiyo yalikuwako majaribio mengine, kama lile la 1971 lililoitwa Wakati wa Furaha, Uhuru ulipotimiza miaka kumi, ambayo kwayo watayarishaji walizijua kasoro za mpango wao wangali na nafasi ya kuzirekebisha. Redio ya siku zile haikuweza kumjibu mtu hata neno moja, ilisema ikanyamaza. Kazi ya kujibu ilikuwa ya kiongozi wa kikundi, na watayarishaji walilijua hilo tangu mwanzo.

Yalinganishe hayo na mradi uliotangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa Marekani, wa kumpa kila mtoto wa nchi maskini kompyuta yake mwenyewe, ndogo na imara, akiamini kwamba udadisi wa mtoto ungetenda yaliyobaki. Peru iliupokea mradi huo kwa mikono miwili, na Rwanda nayo ikagawa kompyuta zaidi ya laki mbili. Uchunguzi wa shule 319 za Peru uliotolewa mwaka 2012 uliona kwamba watoto waliopewa kompyuta waliijua zaidi kompyuta yenyewe, bali katika hesabu na lugha hawakuwa mbele ya wenzao ambao hawakupewa. Kenya ilipata mkasa unaofanana na huo kwa njia yake: ahadi ya uchaguzi wa 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa kompyuta ya mkononi, iligeuka kuwa vishikwambi mwaka 2016, na zaidi ya milioni 1 vikafikishwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Umeme ukafika hata pale ambapo haukuwa na dalili ya kufika, na hiyo ni faida ambayo haipaswi kubezwa. Lakini katika shule nyingi vishikwambi vilifungiwa kabatini, na wanaowalaumu walimu wakuu kwa jambo hilo hawajapata kukabidhiwa mali ya serikali: kikiibiwa kimoja, mwalimu mkuu ataulizwa na kuandika maelezo; vikikaa kabatini mwaka mzima bila kuguswa, hataulizwa na mtu. Mtu mwenye akili zake atavifunga.

Upo ushahidi mmoja unaonipinga, na kwa kuwa ulikusanywa katika mkoa wangu sina budi kuukabili. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hata mwanzoni mwa 2019, shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE liliwapa watoto karibu 3,000, katika vijiji vipatavyo 170 vya Tanga, vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kwenda shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma neno hata moja. Mwalimu hakuwako. Baada ya miezi 15 wasioweza kusoma neno walikuwa wamepungua kwa nusu, na Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa sawasawa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Niliyasoma matokeo hayo kwa moyo wa mtu anayefungua barua ya kuachishwa kazi, na baada ya kuyatafakari nimeyakubali kuwa ni ya kweli na ya heri. Mtoto ambaye hakuna shule inayomfikia, akipata herufi zake kutoka kwenye kioo, amezipata. Na atakayemnyima kwa ajili ya kulinda heshima ya walimu hana huruma. Lakini tukitazame vilevile kilichokizunguka kioo. Vijiji viliwekewa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na watu wazima wa papo hapo wakapewa dhamana ya kuvitunza vyombo na kuwahimiza watoto. Programu zenyewe zilitungwa na watu waliokaa wakapima herufi ipi itangulie na sauti ipi ifuate, ambayo ndiyo kazi ya mwalimu iliyotangulizwa ikafungwa ndani ya mashine. Na kubwa kuliko hayo ni somo lililochaguliwa: silabi «ba» ina jibu moja, na mashine inalijua jibu hilo, kwa hiyo inaweza kumsahihisha mtoto mara mia bila kuchoka wala kununa, sifa ambayo mimi sikujaaliwa. Ama ile nusu ya pili, ya watoto ambao baada ya miezi 15 walikuwa bado hawawezi kusoma neno, sijui kishikwambi kilikuwa na la kusema juu yao. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeijua kazi yake angeweza kukwambia yupi haoni vizuri, yupi huja na njaa, na yupi ameogopeshwa nyumbani.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, Tanzania kwa miezi michache, Kenya kwa wengi hadi Januari 2021, na Uganda kwa sehemu kubwa ya wanafunzi hadi Januari 2022, tuliona kwa macho yetu kwamba masomo ya mtandaoni yaliwafikia waliokuwa tayari na kila kitu, na redio ile kongwe ikawafikia wengi zaidi. Hapana haja ya kurefusha. Itoshe kuongeza kwamba hata mtandao wenyewe umening'inia kwenye nyaya chache zilizolazwa baharini tangu 2009 na 2010, na zilipokatika mbili, ya EASSy na ya SEACOM, tarehe 12 Mei 2024, Afrika Mashariki nzima ilijua maana ya kutegemea.

Sasa tuje kwenye darasa langu, ambako somo halina silabi yenye jibu moja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea tarakimu mbili alizozikuta mtandaoni juu ya waliokufa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907: moja ilisema 75,000, nyingine ikasema baina ya 250,000 na 300,000, naye alitaka nimwambie aandike ipi. Katika zama ambazo kitabu cha kiada kilikuwa kimoja, shida hiyo isingezuka, na baadhi ya wenzangu huona hiyo ndiyo hasara ya mtandao. Mimi naona kwamba mtandao ulikuwa umempa bure jambo ambalo kitabu changu kilimficha, yaani kwamba maarifa ya historia yana wenyewe. Tarakimu ndogo ilitoka upande wa serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na kila sababu ya kutaka hesabu iwe ndogo. Ile kubwa ni makadirio ya mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, ambaye miaka ya 1960, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kikikusanya habari za wazee waliokumbuka vita, alizingatia pia waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Tulipokwisha kuuliza nani alihesabu, lini, na akiwa na haja gani, somo lilikuwa limefika mahali ambapo kitabu peke yake hakikuwahi kutufikisha.

Kuuliza hivyo si desturi ngeni katika pwani hii. Katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja, mtu aliyetaka kuketi afundishe aliulizwa kwanza kasoma kwa nani, na shekhe wake naye alisoma kwa nani, hata silsila hiyo, ambayo ndiyo sanadi yake, ikapanda juu kwa majina yanayojulikana. Na ijaza aliyopewa mwanafunzi, katika halka kama zile za Riyadha ya Habib Saleh kule Lamu, ilikuwa ushahidi kwamba fulani amesomeshwa na fulani na anaaminika kwa kitabu fulani. Hata chapa ilipoingia, desturi haikuvunjika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, pale Mombasa, aliweka jina lake juu ya maneno yake, na aliyeona amekosea alijua mlango wa kubisha. Sitaki kuzipamba zama hizo kupita kiasi, kwa kuwa sanadi iliwahi vilevile kutumiwa kuwafungia mlango wanawake na watu wa nasaba zisizotukuzwa, na mwenye ijaza aliweza kukosea kama mwingine yeyote. Lakini ilimpa msomaji mahali pa kuanzia. Mtandao unatoa maneno mengi kuliko maktaba zote alizozijua Sheikh Al-Amin, na sehemu kubwa ya maneno hayo haina sanadi wala mlango wa kubisha.

Hali hiyo imezidi tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, na baada yake ndugu zake wengi, ambao kwa Kiswahili tumezoea kuwaita akili mnemba. Chombo hiki hujibu kwa lugha iliyonyooka na kwa utulivu wa alimu, na ukikiuliza kimesoma kwa nani huweza kukutajia vitabu, ambavyo baadhi yake havijapata kuandikwa na mtu yeyote. Mwanafunzi asiye na mazoea ya kuuliza sanadi hana kinga mbele yake, seuze aliyechoka, mwenye insha tatu za kukabidhi kesho asubuhi.

Na juu ya insha zenyewe, ukelele unaopigwa kwamba mashine imeleta udanganyifu wahitaji kutulizwa kidogo. Nairobi, kwa miaka mingi kabla ya mashine hizo, vijana waliosoma hadi chuo kikuu na wasipate kazi walikuwa wakijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, usiku kucha, kwa ufundi ambao ungewastahilisha wao wenyewe shahada hizo. Mashine imewanyang'anya wengi riziki hiyo, wala haikuwafundisha wateja wao hila wasiyoijua. Kwetu pia, insha ya nyumbani iliyonakiliwa kwa kaka mkubwa au katika notisi za dukani ilikuwako siku zote, na tuliikubali kwa sababu kuisahihisha ni kwepesi. Sasa nimeacha kutoa alama kwa insha ambayo mwandishi wake hawezi kusimama dakika tano mbele ya wenzake akaitetea, na mara moja kwa muhula huwataka wanafunzi wamhoji mzee wa mtaani kwao juu ya jambo alilolishuhudia, kijiji cha ujamaa au foleni za sukari za miaka ya 1980, kisha walinganishe maneno yake na waliyoyakuta mtandaoni. Kazi hii hula muda, na darasa la wanafunzi sitini haliikubali kwa urahisi. Fauka ya hayo, mtihani wa taifa hautoi alama kwa mwanafunzi aliyeshuku tarakimu. Hutoa kwa aliyeitaja. Maadamu mtihani ni huo, wanafunzi wataendelea kuutafutia mtandaoni muhtasari wa kukariri, na sina uso wa kuwalaumu.

Kuna kikwazo kingine kisichosemwa sana katika mikutano ya wataalamu, nacho ni lugha. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapoingia kidato cha kwanza hutakiwa kuyapokea masomo karibu yote kwa Kiingereza. Na mtandao, badala ya kumpunguzia mzigo huo, humwongezea, kwa sababu akitafuta kwa Kiingereza hukuta bahari asiyoweza kuiogelea, na akitafuta kwa Kiswahili hukuta kisima. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina makala zaidi ya 80,000, nyingi fupi mno, ilhali ya Kiingereza imepita milioni 6. Wapo waliofanya kazi ya sifa: Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kimewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili chenye ucheshi, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni ambayo mwalimu wa kijijini aweza kuifungua akiwa na bando. Lakini kitabu cha kiada mtandaoni ni kitabu kilekile. Kinachopungua ni maandishi ya daraja ya pili, yale ambayo mwanafunzi mdadisi huyafikia baada ya kukimaliza kitabu: makala ndefu ya Kiswahili juu ya Maji Maji, juu ya chumvi, juu ya namna nyaya za baharini zinavyounganishwa zikikatika. Hayo hayatashuka kutoka mbinguni. Watakaoyaandika ni walimu na wanachuoni wanaoyajua, na hadi sasa tumeona ni jambo la heshima zaidi kuandika kwa lugha ambayo wanafunzi wetu hawaifuati.

Suala la simu shuleni nalipita haraka. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilieleza kwamba chini ya nchi moja katika kila nne zilikuwa zimekataza simu shuleni kwa sheria au kwa sera, na mwaka huohuo Sweden, ambayo ilitangulia wengi katika kuwapa watoto wadogo vioo, iliamua kurudisha fedha katika vitabu vya karatasi. Shule zetu nyingi za bweni zinakataza simu, nami naunga mkono katazo hilo kwa saa za darasa na za kulala. Ila nastaajabu kidogo kuona mjadala huu ukiendeshwa kwa maneno ya Sweden katika madarasa ambamo kitabu kimoja bado hugawanywa na wanafunzi kadhaa.

Ambaye hazungumzwi vya kutosha ni mwalimu mwenyewe kama mtumiaji wa mtandao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 walimu wa Zanzibar walikuwa na jarida lao, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, na kwa hiyo haja ya mwalimu kusemezana na mwalimu wa mbali imetangulia simu. Leo mazungumzo hayo yamo katika makundi ya WhatsApp, ambamo maazimio ya kazi, maandalio ya somo na mitihani ya majaribio huzunguka usiku na mchana. Na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, vilivyogawiwa walimu baadaye, vimewafikishia mkusanyiko huo hata wale ambao simu zao zilikuwa za kupigia tu. Faida yake ni kubwa kwa mwalimu aliye peke yake katika somo lake shuleni. Hasara yake ni kwamba andalio la somo ambalo halijafundishwa na mtu hata mara moja huzunguka mikoa mitano kwa wiki moja, kosa lake likiwa limo ndani, jina la mtungaji likiwa limefutwa, na mkaguzi akija huliona na kuridhika kwa kuwa limejazwa vizuri.

Katika ofisi yetu ya walimu tumeanza jambo dogo. Karatasi yoyote iliyopakuliwa mtandaoni haiingii katika jalada la idara mpaka iandikwe pembeni jina la aliyeituma, jina la mwalimu aliyeijaribu darasani, kidato alichoijaribia, na swali ambalo wanafunzi hawakulielewa. Jalada la hesabu limekwisha kunenepa, kwani walimu wa hesabu huzoea kutaka uthibitisho. La historia bado ni jembamba, na karatasi nyingi zilizomo zina jina langu tu pembeni, jambo ambalo mwalimu wa jiografia huniambia kila Ijumaa kuwa si sanadi.